Kadi ya Dabo kwa Mwenyekiti wa Wakenya

Jumatatu, 2 Aprili 2007

Kuta zinatoa jasho tena. Hewa ya Guangzhou msimu huu ni maji matupu. Soksi nilizofua Alhamisi bado mbichi. Nimezitandaza juu ya mfuniko wa jungu la umeme wakati wali unaiva, zikakauka. Naliaka ameapa hagusi wali wangu mpaka mwezi uishe. Kisha amekula sahani mbili.

Wiki hii: tasnifu, sura ya tatu. Na orodha ya wageni wa sherehe ya Muungano. Mzee Shomari, mwenyekiti wetu Watanzania, kanipigia mara tatu. "Katibu, orodha." Mimi Mzanzibari ndiye ninayeandaa kadi za Muungano. Kwetu wakisikia watanicheka mpaka Idi.

Ukumbi tumepata. Ghorofa ya pili ya mgahawa wa Waislamu pale Xiaobei, Jumamosi tarehe 28, mchana. Tunaalika wenyeviti wa jumuiya zote: Uganda, Kongo, Burundi, Komoro, Kenya.

Kenya ndiyo kazi. Mwezi uliopita walipiga kura. Naliaka, jirani yangu wa bweni na mwenzangu wa jikoni, mwanafunzi wa uhandisi wa maji, alimshinda Bwana Mutiso, wakala wa mizigo wa mtaa wa Sanyuanli, mwenyekiti tangu jumuiya yao ianze. Kura zilihesabiwa mara mbili mbele ya watu. Mutiso alimpa mkono. Muhuri hakumpa. Na hapa China karatasi isiyo na muhuri mwekundu ni ya kufungia karanga.

Alhamisi, 5 Aprili

Kikao, ofisini kwa Mzee Shomari, kwenye jengo la Tianxiu Dasha. Anasafirisha masinki na vyoo vya kukaa. Viti vinne, wajumbe saba. Watatu tumekaa kwenye sampuli, vifuniko vimeshushwa. Muhtasari wote nimeuandikia hapo.

Ajenda moja: kadi ya Mwenyekiti wa Wakenya aandikiwe nani.

Bi Tatu, mama wa vitenge: aandikiwe aliyeshinda, kwani kuna nini cha kujadili? Hemedi, wa spea za pikipiki: kontena letu la kuchangia linafungwa tarehe 20 na anayelipakia ni Mutiso. Mutiso akinuna, spea zitaota kutu bandarini Huangpu. Bi Tatu kamwambia asitishie watu kwa kutu. Hemedi kasema si kutisha, ni hewa ya huku.

Mzee Shomari akawaacha wachoke, ndipo akasema. Sisi si wengi kama Wanigeria, si wachache kama Wakomoro. Tuko katikati. Waganda na Wakongo wanangoja waone Mtanzania atamwalika nani, nao wafuate. Tukimwandika Naliaka, tumemwangusha Mutiso. Tukimwandika Mutiso, tumemfuta Naliaka. "Kwa hiyo tusialike mtu. Tualike kiti."

Kadi isiyo na jina. Nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali. Nilifurahi mno. Hii ndiyo tasnifu yangu: Afrika Kusini na mgogoro wa uchaguzi wa Zimbabwe. Mwezi uliopita tu wakuu wa nchi za kusini walikutana Dar, na Afrika Kusini, jirani wa Zimbabwe, ndiyo iliyopewa kazi ya kupatanisha. Hoja yangu ni kwamba nchi yenye nguvu za kati haipayuki. Inanong'ona, na milango yote inabaki wazi. Nimerudi bwenini nikiimba.

Ijumaa, 6 Aprili

Kurasa sita kwa siku moja. Haijawahi kutokea. Nimeandika kwamba kutotaja upande si woga, ni ufundi. Sentensi nzuri sana. Nimeipigia mstari.

Jioni jikoni Naliaka kaniuliza kama kadi yake imeandikwa. Nimesema bado hazijatoka kwa mchapaji. Kweli tupu. Lakini alichouliza si hicho, na mimi najua alichouliza. Nikamenya vitunguu kwa bidii.

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Naliaka kaenda kanisani, lile kubwa la mawe. Karudi amelowa na anacheka. Anasema Wakenya wamekaa pande mbili kama wageni wa bwana harusi na wa bibi harusi, na padri Mchina kafurahi akidhani ndiyo desturi yao.

Kapika ugali. Unga huo umetoka Kitale kwenye sanduku la mtu, na mwiko pia, mwiko mrefu mweusi aliopewa na mama yake, unaoning'inia ukutani jikoni kwetu. Nyumbani Unguja ugali niliukwepa. Hapa naungoja tangu asubuhi. Mboga ni majani ya Wachina ambayo sisi tumeyabatiza sukuma.

Kanionyesha kitambaa. Rangi ya machungwa, atashonewa na fundi wa pale chini ya daraja, ni cha Muungano. Kaniambia yote. Mutiso kamwambia asubiri, mwanafunzi anakuja na kuondoka, jumuiya itabaki na nani? Wakenya wengine wanaanza kuona labda ni kweli. Lakini akikaa meza kuu ya Watanzania kama mwenyekiti, mbele ya jumuiya zote, maneno yamekwisha. Mutiso akikaa yeye, yamekwisha pia, upande wa pili. Mama yake ameshalitangazia kanisa zima la kwao.

"Nyinyi ndio mnangojewa, Hawa," kasema. "Na katibu wenu ni wewe. Mimi siogopi kitu."

Nikamega tonge jingine.

Alhamisi, 12 Aprili

Kadi zimetoka. Nyekundu, maandishi ya dhahabu, na ndege wawili wanaobusiana. Nilimwambia mchapaji hii si harusi. "Meiyou," kasema. Hakuna nyingine. Basi Tanganyika na Zanzibar watabusiana.

Nimekaa na kalamu nikaandika kwa mkono, kama tunavyofanya nyumbani: jina juu, na kwenye kona, singo au dabo. Singo, mtu mmoja. Dabo, wawili, mgeni na mwenziwe. Viongozi wote dabo, hiyo haina mjadala. Mkono ulikwenda wenyewe. Mwenyekiti wa Waganda na mkewe, dabo. Mwenyekiti wa Warundi, hana mke, dabo vilevile, atajua mwenyewe.

Ya Wakenya nimeiacha mwisho. "Mwenyekiti, Jumuiya ya Wakenya. Dabo." Nafasi ya jina nimechora kistari kirefu kizuri.

Ikabaki kuipeleka. Kwa nani? Mzee Shomari keshaliona hilo. Iachwe kwa Mama Njoki, anayepika chapati na maharage nyuma ya Tianxiu, Wakenya wote hupita pale. Nimempelekea. Kaisoma, kaigeuza, kaniangalia. Kaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya umbo la embe. Hakusema neno, na Mama Njoki si mtu wa kukosa neno.

Jumamosi, 14 Aprili

Mutiso kaichukua kadi. Jana asubuhi, na chai yake.

Naliaka kaikuta friji tupu. Kaja jikoni wakati nakaanga samaki. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kwani mlialika kiti?"

Nikaanza kueleza. Milango wazi. Nguvu za kati. Nilitumia maneno yote ya sura ya tatu, hata ile sentensi niliyoipigia mstari. Kanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayengoja mvua ipungue.

"Hawa, mimi nilishinda," kasema. "Wewe ulikuwa hapo. Ulishika hata ubao wa kuhesabia."

Nilishika kweli. Waliomba mtu wa nje ashike ubao, nikashika.

Kaosha sufuria lake, kachukua unga, kachukua mwiko, kaingia chumbani. Samaki wameungua upande mmoja. Nimewala peke yangu na miiba yao. Najisikia ovyo.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimesoma sura ya tatu. Inanuka udhuru.

Profesa wangu kairudisha na alama moja tu ya kalamu pembeni, kando ya sentensi yangu nzuri. Ofisini kaniuliza kwa upole wake: huyu jirani wa kati alibaki na milango wazi, vizuri, na yule aliyepigiwa kura alibaki na nini? Nikasema hilo liko nje ya mipaka ya utafiti. Kacheka, kanimiminia chai. Nimekunywa vikombe vitatu.

Jikoni niko peke yangu. Hata wali sina wa kuniapia kwamba haugusi.

Ijumaa, 20 Aprili

Siku ya kontena. Wafanyabiashara huniita nitafsiri, hicho ndicho kibarua changu. Uwanja wa Sanyuanli, mvua nyepesi, matope mpaka kwenye vifundo.

Nilikwenda na hasira zangu zote kwa Mutiso. Kwa bahati mbaya ni mtu mzuri. Masinki ya Mzee Shomari yalikataa kuenea. Akayatoa yote, akajaza vitenge vya Bi Tatu ndani ya masinki, spea za Hemedi chini, akapata nafasi ya magodoro mawili ya mtu aliyekuwa ameshakata tamaa. Wapakiaji wanamwita laoban, bosi, lakini wanamtania. Kawanunulia chai ya maziwa wote, nami pia.

Nikamuuliza wazi, mbele ya chai yake. Kwa nini humpi muhuri?

Hakukasirika. Kafungua pochi, katoa picha iliyokunjika. Watu sita kwenye ngazi za jengo moja hapahapa Sanyuanli. Ndio Wakenya wote waliokuwapo mji huu wakati huo, au wote aliowajua. Mmoja aliugua, wengine watano hawakujua hata hospitali inaitwaje kwa Kichina, basi wakaanzisha jumuiya ili siku nyingine wajue. Watano wamesharudi nyumbani.

"Sasa hawa vijana wakinikuta wananiita laoban wa cargo," kasema. "Nikitoka kwa hicho kiti, madam, mimi ni nani? Ni mtu wa kupakia mizigo tu."

Naliaka ameshinda, na mzee huyu ana uchungu wake. Yote mawili ni kweli na la kwanza halipungui.

Kontena limefungwa, limekwenda Huangpu. Nikakimbilia Tianxiu. Nikamwambia Mzee Shomari: mzigo umekwenda, hatuna cha kuogopa tena, tumwandikie Naliaka kadi yenye jina lake. Kanicheka mpaka kajifuta machozi.

"Mwanangu, kuna kontena la mwezi ujao."

Jumanne, 24 Aprili

Nimepita kula chapati. Kusema kweli nimepita kujishitaki. Mama Njoki kanipa maharage ya ziada, kisha maneno aliyokuwa ameyaweka tangu ile siku.

Nyinyi Watanzania, kasema, mna heshima sana. Mtu akizama mtamwambia pole, na yule anayemzamisha mtamwambia pole na kazi.

Nimecheka. Halafu nikaona si utani. Kaniambia kitambaa cha Naliaka kishashonwa, kimetundikwa mlangoni, na anasema haendi popote. "Mimi nitamtoa," kasema Mama Njoki. "Wewe fanya yako."

Yangu ni ipi?

Alhamisi, 26 Aprili

Muungano wenyewe ni leo. Darasani hakuna aliyejua. Nimejipongeza kwa ndizi.

Mzee Shomari kanikabidhi karatasi ya itifaki. Mimi ndiye mshereheshaji, nitawatambulisha wageni. Wote kwa jina na cheo. Mstari wa nne: "Ndugu zetu kutoka Kenya." Basi. Kanisisitiza nisome kama ilivyo. Nimeitikia ndiyo, mzee.

Jumamosi, 28 Aprili

Niandike kabla sijasahau, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Mvua tangu asubuhi. Pilau tuliipika wenyewe jikoni kwa watu, wapishi wa pale wakituangalia kwa huruma, mwisho wakaomba wapakuliwe. Mlangoni tulimweka Hemedi. Hemedi kwenye kadi hana ndugu. Alimrudisha mpwa wake mwenyewe.

Nilikuwa juu ya ngazi, naona yote. Mutiso kafika, suti ya bluu, kadi mkononi, peke yake. Mkewe yuko Nairobi. Nyuma yake, Mama Njoki anamsukuma Naliaka wa rangi ya machungwa. Mama Njoki anayo kadi yake, singo. Naliaka hana kitu.

Hemedi kaisoma kadi ya Mutiso. "Hii dabo. Mwenzako yuko wapi?"

Mutiso kasema yuko mmoja. Hemedi kasema dabo ni watu wawili, viti viwili vimepangwa meza kuu, sahani mbili zimehesabiwa, hawezi kuacha kiti kitupu meza kuu mbele ya wageni, itakuwa aibu kwa Watanzania. Alisema kwa dhati kabisa. Sidhani kama alikuwa anafikiria siasa. Alikuwa anafikiria sahani.

Nyuma watu wanalowa. Wakongo wameanza kulalamika kwa Kifaransa.

Hemedi akamgeukia Naliaka: kadi? Hana. Basi hapiti. Naliaka akageuka aondoke. Nilishuka ngazi mbili, sijui nilitaka kufanya nini. Ndipo Mutiso akaitazama kadi, akatazama mvua, akamtazama yule binti.

"Imeandikwa mwenyekiti, dabo," kasema taratibu. "Kuja, Mama. Tuingie, hawa watu wote wasinyeshewe."

Wakaingia yeye na Naliaka kwa kadi moja. Wakakaa meza kuu, bega kwa bega, wanatazama mbele kama wanaopigwa picha ya pasipoti.

Halafu zamu yangu. Kipaza sauti. Uganda, nimesoma. Kongo, nimesoma. Burundi, na mwenzi wake aliyemkopa mahali. Mstari wa nne. Mzee Shomari ananitazama. Naliaka hanitazami, anatazama uma wake. Nilikumbuka ubao wa kuhesabia.

Nikasema: "Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wakenya, Bi Naliaka Wekesa. Na pamoja naye mwasisi wa jumuiya hiyo, mtu wa kwanza kuwakusanya Wakenya wa Guangzhou walipokuwa sita, Bwana Joseph Mutiso."

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Naliaka kasimama. Pole pole. Makofi machache, ya Bi Tatu yalikuwa makubwa kuliko yote. Mutiso amekaa. Nikaona nimeharibu. Kisha kafunga kifungo cha koti, kasimama naye, kapunga mkono pande zote, na Wakenya wa pande zote mbili wakampigia meza mpaka soda zikamwagika. Alipokaa alimwambia Naliaka kitu sikioni. Naliaka kacheka, kajifuta macho na leso ya karatasi.

Mzee Shomari kasogea, kanitabasamia mbele za watu. "Kontena la mwezi ujao," kaninong'oneza, "utalibeba kichwani."

Pilau haikubaki hata ukoko.

Jumapili, 29 Aprili

Tathmini, Tianxiu. Nimekaa kwenye sampuli ileile. Mzee Shomari kanishukuru kwa kazi nzuri, kasema masomo yangu yamekaribia mwisho, ni vyema nipumzike. Hemedi ndiye katibu mpya. Sawa. Niliagizwa nisome kilichoandikwa, sikusoma. Hata mimi ningejitoa. Bi Tatu kagoma kupiga kura na kanipa pande la kitenge.

Waganda wameshampelekea Naliaka mwaliko wa sherehe yao, una jina lake. Mutiso kuhusu kontena lijalo hajasema kitu. Hakuna ajuaye kama atalipakia.

Imeniuma kidogo. Nimekula aiskrimu mbili njiani.

Jumatatu, 30 Aprili

Jua, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Bweni zima limeanika magodoro madirishani.

Nimefuta kurasa sita za sura ya tatu na kuanza upya kutoka swali la profesa. Kurasa mbili mpaka saa sita. Nzito, lakini ni zangu.

Nilipoinuka nikakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Barua rasmi, kichwa cha Jumuiya ya Wakenya, chini muhuri mwekundu, bado mbichi, umenipaka kidoleni. Mama Njoki aliniambia asubuhi kwamba Mutiso aliuacha muhuri kwake jana, umefungwa kwenye karatasi ya chapati, apewe Naliaka.

Nilidhani ni barua kwa ofisi ya katibu. Si hivyo. Juu Naliaka kaandika kwa mkono wake jina langu kamili: Mwanahawa Kombo. Kwenye kona: singo. Katikati mstari mmoja, ugali saa saba, njoo na sukuma.

Nikaenda jikoni na majani yangu. Mwiko ulikuwa umening'inia mahali pake.